Kadi Milioni Saba Zisizorudi

Mwezi Agosti 1936, katika ukumbi mkubwa wa ghorofani mjini New York, kalamu 500 zilikuwa zikikwaruza karatasi kutwa nzima. Kila siku ziliandika anwani zaidi ya robo milioni. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na kadi ya kura ya majaribio, na kadi hizo zilikusudiwa kuwafikia Wamarekani milioni 10, wazijaze na kuzirudisha kwa posta. Mwenye kazi hiyo alikuwa jarida la kila wiki, The Literary Digest, na swali lake lilikuwa moja: Novemba ikifika, nani atachaguliwa kuwa rais? Ni Franklin Roosevelt aliyekuwa madarakani, au Alf Landon, gavana wa jimbo la Kansas?

Kila kijana anayeanza kazi katika chumba chetu cha habari namsimulia kisa hiki kabla sijamruhusu kuandika habari yoyote yenye asilimia ndani yake. Baadhi yao hushangaa kwa nini nawapeleka mbali hivyo, Marekani, miaka karibu tisini nyuma, wakati takwimu za kutilia shaka zimejaa mezani petu. Nawapeleka huko kwa sababu mwisho wake unajulikana. Takwimu nyingi tunazoletewa hazifiki kamwe kwenye siku ya hukumu. Mtu akidai kituo chake cha redio kina wasikilizaji milioni tatu, hakuna sanduku litakalofunguliwa kesho yake ili masikio yahesabiwe. Uchaguzi una sanduku. Ndiyo maana makosa ya 1936 yalionekana na kila mwenye macho, na ni makosa yale yale yanayofanyika leo pasipo mtu kuyaona.

Jarida lenyewe halikuwa la wababaishaji. Lilianzishwa mwaka 1890 na Isaac Funk, mchungaji wa Kilutheri, ambaye kampuni yake ya Funk & Wagnalls ilikuja kuwa maarufu kwa kamusi. Kazi ya Digest ilikuwa kukusanya yaliyoandikwa na magazeti mengine na kuyapanga pamoja, ili msomaji mwenye shughuli nyingi apate kauli za pande zote mahali pamoja. Katika miaka ya 1920 nakala zake zilipita milioni moja kwa wiki. Tangu 1916 lilikuwa likituma kadi kabla ya kila uchaguzi wa rais, na mara zote tano aliyetajwa na kadi ndiye aliyeapishwa. Mwaka 1932 lilikaribia hata asilimia yenyewe ya kura za Roosevelt. Halikukosea pointi mbili.

Sasa mtu aliyepatia mara tano mfululizo, nani atamwambia aichunguze njia yake? Naliona hilo kuwa shina la kisa kizima, kuliko hata ile kadi. Digest lilikuwa likipatia kwa sababu ambazo lenyewe halikuzijua, na ushindi wa jana ukalizuia kuuliza.

Majina milioni 10 hayaokotwi njiani. Mengi yalitoka katika vitabu vya simu na madaftari ya usajili wa magari. Digest lilikuwa na orodha hizo kwa sababu ya biashara: kadi ya kura ilisafiri pamoja na fomu ya kujiandikisha kulinunua jarida. Ulikuwa utafiti, na papo hapo lilikuwa tangazo. Anayetafuta wateja huwaandikia watu wenye uwezo wa kulipa, na hapo hana kosa lolote. Lakini orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuza ilipewa kazi nyingine, ya kusema taifa zima linawaza nini, wala hakuna aliyesimama kuuliza kama inaiweza.

Mwaka 1936 simu ilikuwa katika takribani nyumba moja kati ya tatu za Marekani. Nchi ilikuwa ndani ya mdororo mkuu wa uchumi, na mamilioni hawakuwa na kazi. Zamani kidogo pengo hilo halikuharibu hesabu, kwa kuwa mwenye simu na asiye na simu hawakuachana sana katika kura. Halafu ukaja mpango wa Roosevelt ulioitwa New Deal: kazi za umma kwa wasio na ajira, sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, kodi nzito kwa matajiri. Ndani ya miaka minne siasa ya Marekani ikajipanga upya kwa kufuata mfuko wa mtu. Orodha za Digest zilikuwa zile zile. Nchi ndiyo iliyokuwa imesogea.

Waliowahi kukaa soko la nafaka wanalijua bambo, lile bomba fupi lenye ncha ambalo mnunuzi hulidunga kwenye gunia ili atoe punje chache za kutazama. Mnunuzi mzoefu hudunga juu, akadunga kati, kisha akainama na kudunga chini kabisa, karibu na mshono, kwa maana anajua kwamba mahindi mazuri huwekwa mdomoni mwa gunia na yaliyobunguliwa huzikwa. Anatoa konzi tatu tu na kusema bei. Mnunuzi mgeni anaweza kudunga mdomoni mara mia, akajaza sinia zima, na bado atapeleka wadudu nyumbani. Kuongeza konzi hakumsaidii. Kila konzi inayoongezeka humzidishia imani katika jambo lisilo kweli, na hapo ni afadhali angedunga mara moja tu akabaki na wasiwasi wake.

Digest lilidunga mdomoni mara milioni 10.

Mtu aliyeliona hilo mapema aliitwa George Gallup, na ningependa wanahabari wamkumbuke kwa kazi yake ya awali kuliko kwa siasa. Alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Iowa, aliyoimaliza mwaka 1928, alikuwa akitafuta njia ya kujua watu wanasoma nini gazetini. Desturi ilikuwa kuwauliza: wewe husoma nini? Nao walijibu kwa heshima zao kwamba husoma ukurasa wa kwanza, habari za serikali, tahariri. Gallup aliliona jibu hilo kuwa la mtu anayejipamba mbele ya mgeni. Yeye alikaa na msomaji, wakalifungua gazeti lenyewe, wakalipitia ukurasa kwa ukurasa, safu kwa safu, msomaji akionyesha alichokisoma kweli. Ikabainika kwamba katuni zilikuwa na wasomaji wengi kuliko habari kubwa za ukurasa wa mbele. Mambo mawili aliyajua tangu hapo: watu husema wanachotaka kuonekana wanafanya, na namna ya kuuliza ni sehemu ya jibu. Miaka michache baadaye alichukuliwa na kampuni kubwa ya matangazo ya New York aongoze utafiti wake, na mwaka 1935 akaanzisha taasisi yake ya maoni ya umma.

Julai 1936, kabla Digest halijatuma kadi zake, Gallup alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Alituma kadi kama 3,000 tu kwa watu wa aina ile ile ya orodha, kisha akatangaza magazetini: Digest litakapomaliza kuhesabu litasema Landon anashinda kwa asilimia 56 dhidi ya 44, na litakuwa limekosea. Mhariri wa jarida, Wilfred Funk, mtoto wa mwanzilishi, alijibu kwa hasira. Lini mtu alitabiri matokeo ya kura ya Digest kabla haijaanza? Wao wangeendelea na njia yao ya siku zote. Gallup naye akawaahidi wahariri wanaonunua makala zake kwamba utabiri wake ukizidiwa na wa Digest atawarudishia fedha zao.

Matokeo ya mwisho yalichapishwa katika toleo la Oktoba 31. Kadi zilizorudi zilikuwa 2,376,523. Landon alipata 1,293,669, Roosevelt 972,897. Kwa hesabu ya hao wawili peke yao, Landon alikuwa na asilimia 57. Nataka msomaji akae kidogo na tarakimu hizo, zilizohesabiwa hadi kadi ya mwisho. Ukamilifu wa namna hiyo hutia imani. Ukiambiwa "takribani watu milioni mbili na ushei" utauliza. Ukiambiwa 2,376,523 unainamisha kichwa.

Novemba 3 Wamarekani walipiga kura. Roosevelt alipata karibu asilimia 61, Landon chini ya 37. Landon alishinda majimbo mawili tu, Maine na Vermont, na katika kura za wajumbe zinazoamua urais alipata 8 dhidi ya 523. Kwa hesabu ya kadi zote zilizorudi, Digest lilikuwa limempunguzia Roosevelt pointi karibu 20. Gallup alikuwa amempa kiasi cha asilimia 56: naye alikosea kwa pointi tano hivi, lakini alimtaja mshindi.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi hukomea. Wanasema kosa lilikuwa simu na magari, maskini hawakuulizwa, basi. Mimi pia niliwahi kusimulia hivyo kwa miaka kadhaa, na sasa najuta, kwa kuwa maelezo hayo ni nusu tu ya jambo.

Siku chache baada ya uchaguzi Digest liliandika makala ya kujichunguza, na ndani yake mna habari moja inayonifanya niirudie tena na tena. Katika jiji la Chicago halikutegemea vitabu vya simu. Lilichukua daftari la wapiga kura lenyewe na kumtumia kadi kila mpiga kura wa tatu, maskini na tajiri, mwenye gari na mtembea kwa miguu. Kwa orodha ya namna hiyo ungedhani tatizo limekwisha. Aliyerudisha kadi alikuwa kama mmoja kati ya watano. Zaidi ya nusu yao walimchagua Landon. Na jiji la Chicago, siku ya kura, lilimpa Roosevelt kura karibu mbili kwa kila moja ya Landon.

Kwa hiyo orodha inaweza kuwa safi na jibu likawa chafu. Wanaoulizwa ni watu fulani, wanaojibu ni watu wengine. Nchini kote kadi zaidi ya milioni saba hazikurudi, yaani zaidi ya robo tatu ya zote, na inaelekea mioyo ya waliokaa kimya haikuwa sawa na ya waliojibu. Aliyekerwa na Roosevelt, aliyeona fedha zake zinachukuliwa wapewe wengine, alikuwa na sababu ya kutafuta kalamu jioni ile ile. Aliyeridhika na kazi aliyopewa na serikali aliiweka kadi juu ya kabati, akaenda kulala, na Novemba akaenda kupiga kura.

Mwaka 1988 mtafiti Peverill Squire aliyafufua majibu ya uchunguzi wa mwaka 1937, ambapo watu waliulizwa kama walipata kadi ya Digest, kama waliirudisha, na walimchagua nani. Alikuta kwamba orodha ilikuwa na upendeleo kweli, lakini kama wote waliopata kadi wangeirudisha, Digest lingemtaja Roosevelt kuwa mshindi. Hata wenye simu na magari, kwa wingi wao, walimtaka Roosevelt. Kimya ndicho kilichogeuza tokeo.

Na dalili ilikuwa mezani kwao. Kadi ya Digest ilikuwa na swali la pili: mwaka 1932 ulimpigia nani? Wangekaa wakayalinganisha majibu hayo na matokeo halisi ya 1932, ambayo kila mtu aliyajua, wangeona kwamba waliorudisha kadi walikuwa wameelemea upande wa Republican, chama cha Landon, kupita taifa lenyewe. Watakwimu wa siku hizi walioirudia hesabu hiyo, wakayapa majibu uzito kwa kufuata kura ya 1932, walimpata Roosevelt kuwa mshindi. Jarida lilichapisha majibu hayo kwa mikono yake. Liliyaona kuwa pambo.

Mwaka 1938 The Literary Digest lilifungwa. Husemwa kwamba liliuawa na kura ile, lakini wanunuzi wake walikuwa wameanza kupungua kabla, na magazeti mapya yalikuwa yakiwachukua wasomaji wake. Ninawaomba vijana waseme tu kwamba aibu ilimkuta mgonjwa. Tukikataa hesabu rahisi katika takwimu, tuikatae pia katika hadithi tunazozipenda.

Kuhusu Gallup, yaliyompata baadaye yanastahili kusemwa upesi ili asigeuzwe mtakatifu. Mwaka 1948 taasisi yake ilisema Thomas Dewey atamshinda Rais Harry Truman. Iliacha kuhoji siku nyingi kabla ya kura, ikidhani nia za watu zimeshakaa, na wahojaji wake waliachiwa kuchagua wenyewe nani wa kumsimamisha mradi watimize mafungu waliyopangiwa. Gazeti la Chicago Daily Tribune, lililoamini kama wengine, lilichapa usiku ule ushindi wa Dewey kwa herufi kubwa, na Truman akapigwa picha akiwa amelinyanyua huku anacheka. Miaka kumi na miwili tu ilitosha kumfanya mwalimu wa 1936 aamini njia yake kama Funk alivyoamini ya kwake.

Wakati kadi za Digest zinatumwa, watu wengine walikuwa wakihesabu wasikilizaji wa redio, na kazi hiyo inatugusa sisi wa vyombo vya habari moja kwa moja. Mwaka 1930 Archibald Crossley alianza kupima vipindi kwa niaba ya wenye matangazo. Wahojaji wake walipiga simu na kuuliza: jana ulisikiliza nini? Baadaye C. E. Hooper akaja na njia ya kupiga simu kipindi kikiwa hewani na kuuliza: sasa hivi unasikiliza nini? Ilikuwa hatua nzuri, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu huzidisha kilicho maarufu na kusahau kilichopita kimyakimya. Lakini wote wawili walipita kwenye waya wa simu. Sensa ya 1940 ilikuta redio katika zaidi ya nyumba nane kati ya kumi za Marekani, ilhali simu wakati huo ilikuwa katika chini ya nne kati ya kumi. Mamilioni walikuwa wakisikiliza kila usiku bila kuhesabiwa, na fedha za matangazo zilifuata masikio ya wenye simu. Kampuni ya Nielsen ilipoleta mwaka 1942 chombo cha kufungwa kwenye redio yenyewe, simu haikuhitajika tena. Chombo kilijua redio imewashwa na kituo gani. Hakikujua kama ndani ya chumba yumo mtu. Kufikia 1963 malalamiko yalikuwa mengi hata Bunge la Marekani likawaita wapimaji mbele yake, na mwaka uliofuata likaundwa baraza la kuwakagua.

Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa muda wa miaka miwili iliwapa wenye matangazo wastani wa muda wa kutazama video uliokuwa umevimba, kwa asilimia 60 hadi 80 kwa makadirio yake yenyewe. Namna ilivyovimba ni rahisi kueleza. Walijumlisha muda wote uliotazamwa, kisha wakaugawa kwa waliotazama zaidi ya sekunde tatu peke yao. Waliofungua na kuondoka papo hapo hawakuwamo katika idadi ya kugawia. Chicago tena, baada ya miaka themanini: aliyeondoka hahesabiwi, na aliyebaki anapewa kazi ya kuwasemea wote. Kampuni hiyo ilikubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 40 ili kumaliza kesi ya wenye matangazo waliolalamika.

Nikirudi nyumbani, naliona gunia lile lile. Runinga zetu huuliza swali katika taarifa ya jioni, watazamaji wakajibu kwa ujumbe mfupi, na kabla ya taarifa kwisha asilimia zinapita chini ya kioo kana kwamba ni sauti ya nchi. Aliyejibu ana salio, ana umeme saa hiyo, na jambo limemkera kiasi cha kuandika. Mama aliyekuwa jikoni akisikiliza huku anageuza chapati hakuandika kitu. Utafiti wa simu humpata mwenye simu, na katika nyumba nyingi simu ni ya baba, ambaye ataulizwa nyumba nzima inasikiliza nini naye atataja kituo anachokipenda yeye. Gazeti moja kwa kinyozi husomwa mpaka karatasi inachakaa. Nakala iliyouzwa ni moja, wasomaji wanaweza kuwa ishirini, au wawili, na wengine waliangalia ukurasa wa michezo tu. Na abiria wa daladala ni msikilizaji wa nani, wakati stesheni imechaguliwa na dereva?

Nimeshuhudia pia mhojaji akipita nyumba kwa nyumba amevaa fulana yenye jina la kituo kilichomtuma, akiuliza watu wanasikiliza kituo gani. Watu wetu wana adabu. Mgeni hakataliwi usoni. Nani atamwambia kijana aliyetembea juani kwamba kituo chake hakipo hata kwenye redio ya nyumba hiyo? Akaandika jina la kituo chake nyumba baada ya nyumba, na sikuona kwamba alidanganya hata mara moja. Aliuliza alivyofundishwa, akajibiwa kistaarabu, na ripoti ikatoka ikiwa na rangi na chati.

Kenya ilitunga mwaka 2012 sheria ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi, inayomtaka anayetangaza matokeo aseme nani aligharimia, nani alifanya, lini, na watu wangapi walihojiwa. Ni sheria njema, na ningependa kila mhariri aifanye kuwa desturi hata pale sheria isipomfikia, kwani haiwahusu wanaohesabu wasikilizaji, wasomaji wala watazamaji. Ila kwenye orodha hiyo mimi huongeza swali moja ambalo Chicago ilinifundisha, na ndilo la kwanza kuuliza: wangapi mliwafuata wakakataa, au hawakuonekana, na mmejuaje kwamba wanafanana na waliojibu? Kiwango cha makosa kinachoandikwa chini ya jedwali kwa herufi ndogo hakilijibu swali hilo. Kinapima bahati tu, yaani tofauti ya konzi na konzi ukidunga gunia lililochanganyika vizuri. Kuhusu gunia lililopangwa, hakisemi neno.

Mwaka mmoja alikuja ofisini kwetu mwakilishi wa taasisi moja ya utafiti, na ripoti nene yenye jalada la kung'aa. Ilisema gazeti letu linaongoza katika mkoa wetu. Mnaweza kufikiri furaha iliyokuwapo. Meneja wa matangazo alikuwa ameshaanza kuchora bango, na mimi pia moyo ulinidunda, maana nilikuwa nimelitumikia gazeti hilo tangu lilipokuwa likichapwa kurasa nane. Tulimkaribisha chai. Nilimuuliza waliwahoji watu wapi, akasema stendi kuu na maeneo ya maofisi, mchana. Nikauliza waliosimamishwa wakapita bila kujibu walikuwa wangapi. Akafunua kurasa, akafunua tena, akasema takwimu hiyo ipo ofisini na atanitumia kesho asubuhi.

Bango halikuchapwa. Ripoti bado iko kwenye kabati langu, na ndani yake nimeacha karatasi nyeupe mahali ambapo jibu lake lingekaa.